Nilivyoipata barabara ya Cox pale Mount York

Atakayekuambia kwamba barabara ya kwanza ya kuvuka Blue Mountains, milima iliyo magharibi ya Sydney, ndiyo lami inayoteremka Victoria Pass, mpuuze. Mimi niliambiwa hivyo na mzee mmoja aliyekaa Australia miaka mingi, tena kwa kuapa. Nikateremka pembeni mwa lami, malori yananipulizia moshi usoni, nikitafuta alama za sururu za wajenzi kwenye miamba mpaka magoti yakagoma. Ningezipata wapi? Victoria Pass ni kazi ya mpima ardhi Thomas Mitchell, ilifunguliwa mwaka 1832. William Cox, mwenye hiyo barabara ya kwanza, alikuwa amemaliza yake Januari 1815.

Basi nikaacha kuuliza watu. Nikashuka treni Mount Victoria, nauli si kitu, nikaenda kwa miguu hadi Mount York. Kileleni kuna mnara wa kuwakumbuka Blaxland, Lawson na Wentworth, wazungu waliopita mwaka 1813, kana kwamba wenyeji, Wadharug na Wagundungurra, hawakuwa wakitembea huko toka zamani!

Sasa kazi. Njia za kale za kushukia Hartley Vale, bonde lililo chini ya mlima, ni zaidi ya moja, maana waliokuja baada ya Cox walihangaika kuukwepa mteremko wake. Nikajiambia: inayopinda kwa upole siyo. Cox alianza Julai 1814 na wafungwa wapatao 30 walioahidiwa uhuru. Kwa miezi sita wakatengeneza kilomita kama 160, kutoka Emu Plains hadi Bathurst. Mtu anayesubiri uhuru hakai kuchonga kona. Tafuta inayotumbukia.

Halafu usiende saa sita mchana. Jua la utosini linalainisha mwamba wote, huoni kitu. Mimi nilisubiri liiname, na hapo ndipo mikwaruzo ya sururu ikaanza kutupa vivuli: mistari mifupi, imelala upande mmoja, mingine inatosha kuingiza ncha ya kidole. Nilipiga kelele peke yangu. Acheni nijisifu, nilistahili.

Mteremko wenyewe unatisha. Mikokoteni iliyoshuka ilifungiwa magogo nyuma yaburuzike, isije ikawaponda wanyama wanaoivuta. Ninaamini kabisa, kwani mimi mwenyewe nilishuka kwa makalio sehemu moja. Vaa viatu vya kushika, na ubakize maji: ukifika chini, treni iko kule juu.