Kutoka Basel hadi Pisa: Mauti wa Kiume na Mauti wa Kike

Nilikwenda Basel, Uswisi, kwa ajili ya michoro mitatu midogo ya karne ya 16 iliyopakwa juu ya mbao, ambayo yote inamwonyesha Mauti, yaani kifo kilichopewa umbo la kiumbe, akimshika mwanamke kijana. Mji huo umezoeana na Mauti tangu zamani. Takriban mwaka 1440, ukuta wa makaburi ya Wadominiko, watawa wa Kikatoliki, ulichorwa kwa urefu wa mita 60 hivi, Mauti akicheza ngoma na watu wa kila tabaka, kuanzia papa hadi mpishi na mkulima. Ukuta ulibomolewa mwaka 1805, na vipande vilivyookolewa vimewekwa katika makumbusho ya historia, ndani ya kanisa la zamani la Barfüsser. Nilivitazama kwa haraka, kisha nikaenda Kunstmuseum, makumbusho ya sanaa, iliko michoro ile mitatu.

Katika mchoro wa Hans Baldung Grien wa mwaka 1517, Mauti amemkamata msichana kwa nywele na kumwelekeza kaburini kwa kidole. Msichana analia, mikono ameikutanisha kama anayeomba, na mwilini ana kitambaa cheupe kisichomsitiri. Katika mchoro mwingine wa Baldung, wa miaka michache baadaye, Mauti anatokea nyuma ya mwanamke, naye anageuza uso kana kwamba anapokea busu la mpenzi. Nilipouendea karibu ndipo nilipoona kwamba anang'atwa. Niklaus Manuel, naye mwaka 1517, alikwenda mbali zaidi: Mauti wake, aliyevaa matambara ya askari mamluki, anambusu msichana huku mkono wake ukipenya chini ya gauni. Upande wa pili wa ubao huohuo amechorwa Bathsheba, mwanamke wa Biblia, akioga. Mwenye ubao, basi, hakukosa mwanamke wa kumtazama, augeuze vyovyote apendavyo.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Wajerumani walimchora Mauti kama mwanamume kwa sababu jina lake katika lugha yao ni la jinsia ya kiume kisarufi, ilhali katika Kiitalia, Kifaransa na Kipolandi ni la kike. Maelezo hayo yana uzito, lakini hayatoshi. Hans Holbein Mdogo, aliyefanya kazi Basel, alibuni mfululizo wa picha za Mauti uliochapishwa Lyon mwaka 1538, na anayeandamana na mke wa kaisari katika picha hizo ni Mauti mwenye umbo la bibi kizee aliyenyauka. Sarufi haikumzuia.

Nilipanda treni ya kusini, tukapita chini ya milima ya Gotthard katika handaki la kilomita 57, kisha Milano, na kutoka Genova tukaambaa na pwani hadi Pisa, Italia. Umati ulikuwa kwenye mnara ulioinama, kila mtu akipigwa picha ya kuuzuia usianguke, na hatua chache kutoka hapo Camposanto, makaburi yaliyozungushiwa kuta, yalikuwa karibu matupu.

Humo mna mchoro wa ukutani uitwao Ushindi wa Mauti, unaohusishwa na mchoraji Buonamico Buffalmacco; ni wa miaka ya 1330, kabla ya tauni kuu ya 1348. Moto uliosababishwa na vita mwaka 1944 uliuharibu vibaya, nao ulirudishwa ukutani mwaka 2018 baada ya ukarabati mrefu. Mauti hapa ni mwanamke mwenye nywele ndefu, mabawa ya popo na makucha, anayeruka na mundu wa mpini mrefu. Ombaomba na vilema wanamnyooshea mikono wakimsihi awachukue, lakini anawapita na kuelekea bustanini, ambako mabwana na mabibi wanastarehe kwa muziki. Hana urembo wowote wa kumvutia mtazamaji. Walio bustanini ni wanaume kwa wanawake, wote wamevaa mavazi ya kitajiri, na kosa lao, kama ni kosa, ni la anasa wanayoshiriki pamoja. Kwa hiyo naona kuwa jinsia ya Mauti mwenyewe inatueleza machache kuliko jinsia ya anayeshikwa: Baldung na Manuel waliutwika mwili wa msichana mmoja onyo ambalo Pisa iliwagawia watu wote.

Safari inayofuata ni ya Warsaw, kuona mchoro wa Mpolandi Jacek Malczewski wa mwaka 1902. Humo Mauti ni mwanamke kijana mwenye mundu, na anayechukuliwa ni mzee wa kiume aliyepiga magoti, ambaye anafumbwa macho kwa vidole taratibu, bila kuvutwa nywele wala kuvuliwa nguo.