Jumatano yangu na Yeo-ok

Saa 11 alfajiri

Simu ya mama inanikuta nimeshaamka. Huku Seoul kunapambazuka. Kwao Tanga ni saa 5 usiku na usingizi umemgomea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo mwanamke wako mmefika naye wapi?"

Mwanamke wangu ni Yun Yeo-ok. Kwa miezi minne sasa naandika maneno ya Kiswahili ya kupita chini ya picha kwenye tamthilia ya zamani ya Korea Kusini, ambayo jina lake ningelitafsiri "Macho ya Alfajiri". Kituo cha MBC kiliirusha kuanzia Oktoba 1991 hadi Februari 1992, sehemu 36, na imetoka katika riwaya ya Kim Seong-jong yenye juzuu 10. Mama hajaona hata sehemu moja. Namsimulia kwa simu kidogo kidogo, kama alivyokuwa akinisimulia yeye hadithi za sungura.

"Leo wanamkamata," nikamwambia.

"Kwa kosa gani?"

"Ujasusi. Alikuwa anachukua nyaraka kwenye ofisi ya Wamarekani, anampelekea Dae-chi."

"Dae-chi si ndiye baba wa mtoto?"

"Ndiye."

Mama akanyamaza, nikasikia feni yake inavyokwaruza. "Basi huyo si jasusi," akasema. "Huyo katumwa."

Saa 2 asubuhi

Meza yangu iko dirishani, chumba cha juu, mtaa wa Imun-dong nyuma ya chuo. Chai ya tangawizi, vipokea sauti masikioni, kazi.

Sheria za kazi hii ni ngumu kwa Kiswahili. Mistari miwili tu, kila mstari herufi 42, na mtazamaji apate muda wa kusoma kabla mtu hajafunga mdomo. Sasa chukua neno kama "hawakunitambulisha" uone limekula nafasi kiasi gani. Lakini kuna mahali Kiswahili kinanibeba: Kikorea mara nyingi hakitaji kama ni mwanamume au mwanamke anayezungumziwa, nasi pia "yeye" yetu ni moja. Mtu akitajwa gizani kwa siri, nayaacha maneno gizani vilevile. Katika hadithi ya kijasusi hiyo ni neema.

Kinachonisumbua ni neno lenyewe. Wakorea wana mengi. *Miljeong* ni yule aliyewachongea wenzake kwa Wajapani. *Cheopbowon* ni mkusanya habari za siri. *Gongjagwon* ni mtu aliyepewa kazi akapelekwa kuitenda. Na *gancheop*, hilo ni neno la kutisha: jasusi wa adui, hasa wa Kaskazini. Mpaka leo kuna namba za kumripoti, 111 ya idara ya usalama na 113 ya polisi.

Nami nina yangu. Shushushu halifai, linaleta kicheko cha kijiweni. Kachero ni wa polisi. Mpelelezi anaweza kuwa yule anayefuatilia wizi wa ng'ombe. Jasusi ndilo linalokaa vizuri mdomoni, ila limebeba chuki.

Tatizo ni kwamba Yeo-ok amefanya kazi hii mara mbili. Alichukuliwa kwao akiwa msichana, akafanywa mtumwa wa ngono wa jeshi la Japani huko China, mwishowe akajikuta Saipan, kisiwa cha Pasifiki. Wamarekani walipoingia, yeye na Ha-rim, Mkorea mwenzake, wakafundishwa na OSS, idara ya siri ya Marekani wakati wa vita, ili waingie Korea iliyotawaliwa na Japani. Jambo hilo lina mizizi ya kweli: mwaka 1945 OSS iliwafunza vijana wa Jeshi la Ukombozi la Korea kule Xi'an, China, lakini Japani ikasalimu amri Agosti kabla hawajaenda. Katika sehemu hizo niliandika "mpelelezi", kwa heshima. Baada ya ukombozi mwanamke yuleyule, kwa mikono ileile, anachukua karatasi kwa ajili ya mwanamume anayempenda, nami nimeandika "jasusi". Nimekuwa hakimu bila kuombwa.

Saa 6 mchana

Nafunga kompyuta, napanda treni. Kila Jumatano nikipata nafasi naenda karibu na kituo cha Anguk, mkabala na mahali ulipokuwa ubalozi wa Japani, kunakofanyika maandamano ya kuwadaia haki wanawake wa aina ya Yeo-ok.

Tarehe zinanigusa sana. Agosti 14, 1991, bibi Kim Hak-sun, mmoja wa wanawake hao, alijitokeza hadharani akasema kwa jina lake yaliyompata. Oktoba 7 tamthilia ikaanza kurushwa. Januari 8, 1992, maandamano ya kwanza ya Jumatano yakafanyika, na tamthilia ilikuwa bado hewani. Kim Seong-jong alikuwa ameshaiandika hadithi hii miaka mingi kabla.

Pale kuna sanamu ya msichana ameketi, tangu 2011, kiti cha pembeni yake kitupu. Watu humtazama usoni. Mimi huangalia miguu. Hana viatu, na visigino havijagusa chini. Vimeinuka kidogo, kama mtu aliyerudi nyumbani lakini hajui kama ataruhusiwa kukaa. Leo polisi ni wengi na wapinzani wanapiga kelele upande wa pili wa barabara. Nimesimama nusu saa.

Saa 8 mchana

Kubadilisha treni Jongno 3-ga, kusimama mpaka Oedae, kituo cha jirani na kwangu. Njiani namfikiria babu.

Dae-chi, Mkorea aliyelazimishwa kuvaa sare ya Japani, alipelekwa kwenye vita vya Imphal, mpakani mwa India na Burma, 1944. Njaa ya kule ilimfanya ale nyoka mbichi, na hakuna aliyetazama tamthilia hii akasahau meno yale. Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndiyo iliyowafuata Wajapani bonde la Kabaw, mvua za mwaka uleule. Babu alikuwa akisema "Mjapani" tu. Labda alimlenga kijana ambaye naye alitumwa, na babu hakujua hata lugha ambayo kijana huyo alikuwa akililia usiku.

Saa 1 usiku

Wali, kimchi, dagaa wa kukaanga wa huku, na neno la mama limenikaa kichwani tangu alfajiri.

Katumwa. Kwetu ukimuuliza mtu "umetumwa na nani?" umeshamshitaki. Lakini kitenzi hicho kimezaa mtume, kimezaa mtumwa. Yeo-ok amekuwa mtumwa, halafu akatumwa na Wamarekani, halafu akatumwa na mapenzi yake. Hakuna neno la Kikorea linaloweza kumfunga hivyo kwa uzi mmoja.

Narudi sehemu za Saipan. Kila nilipoandika "mpelelezi" nafuta, naweka "aliyetumwa", "wametumwa", "nani kawatuma". Kisha nyaraka za ofisini: ndugu na rafiki watasema "katumwa". Wanaomkamata nawaachia "jasusi", maana ndivyo wanavyomwona. Mahali 19 kwa jumla. Mahali pamoja neno lilikataa kuingia kwenye herufi 42, nikatoa "lakini" mwanzoni, likaingia.

Kazi hii imenichosha macho, na sijaipenda kazi yoyote namna hii.

Saa 5 usiku

Nimetuma faili. Tanga ni saa 11 jioni, na ujumbe wa sauti wa mama umeshaingia, nyuma yake kuku wanapigana.

"Mwanangu, nimekaa nawaza. Mama kakamatwa, baba yuko porini. Na mtoto je, kaachiwa nani?"

Nikamjibu kwamba sehemu hiyo naianza kesho.