Kidato cha sita, lala kwanza

Wewe wa kidato cha sita hapa Moshi unayekesha na madesa hadi saa nane usiku, unajipunja. Ubongo hupanga ulichosoma ukiwa umelala, na umri wako unataka usingizi wa kama saa 8 kwa usiku. Zima taa saa nne, amka saa kumi na mbili.

Mchawi mkubwa ni kahawa (tunailima wenyewe, kuikataa ni kazi). Ukinywa kikombe saa kumi jioni, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini saa tatu usiku. Mwisho wako uwe saa nane mchana.

Ukisinzia baada ya ugali, jilaze dakika 20 tu. Ukipitiliza unaamka na wenge. Simu ichajiwe sebuleni.