Nimempelekea mama kelele za Lowell

Nauli kwanza. Boston mpaka Lowell, huku Marekani, ni dakika arobaini na tano hivi kwa treni, na kwenda na kurudi kulinitoka dola ishirini na ushei. Kwa hela hiyo nyumbani natoka Dar, nafika Morogoro, nageuza, na chipsi mayai nimekula njiani. Tena stesheni yao haiko katikati ya mji. Nikaikanyaga lami kwa viatu vipya hadi kisigino kikachubuka.

Kilichonipeleka ni merikani. Bibi aliita hivyo kitambaa chochote cha pamba kisicho na rangi wala nakshi, nami nikadhani ni neno tu kama maneno mengine. Kumbe ni Marekani yenyewe: nguo iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa melini na wafanyabiashara wa bandari ya Salem, ikashushwa Unguja enzi za Sayyid Said, kisha wapagazi wakaibeba hadi Tabora na Ujiji, ambako ilipokewa kama fedha. Na Lowell ni mji uliojengwa kwa kazi hiyo ya kufuma, tangu miaka ya 1820, mifereji ikichota nguvu za mto Merrimack kuzungusha mitambo. Pamba ilitoka kwenye mashamba ya watumwa, Kusini mwa Marekani. Hilo bibi hakuambiwa na mtu.

Kiwanda cha Boott kilifungwa miaka ya 1950, leo ni makumbusho. Chini kuna ukumbi wenye mashine za kufuma 88. Mlangoni unapewa vizibo vya masikio, nikaviona vya watu wa kudeka. Siku ile zilikuwa zikienda chache tu, lakini sakafu ilitetemeka hadi nikaisikia kwenye meno. Mzee mhudumu akanisemesha, nikaona midomo tu. Akasogea sikioni, akapiga kelele. Nami nikamjibu kwa kelele, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya mama.

Mama alifanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha nguo Dar kwa miaka kumi na tisa. Nyumbani hata chumvi aliiomba kwa kupaza sauti. Wapangaji wenzetu walidhani tunagombezwa kutwa, na sisi wenyewe tulikuwa tukiambiana, mama mkali. Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili nimesimama kwenye nchi ya watu, naona haya. Nikarekodi dakika moja ya zile kelele, nikamtumia kwa WhatsApp.

Juu niliwakuta wasichana wenyewe waliokuwa wakiendesha mashine zile, kwenye picha na maandishi. Walitoka mashambani, wakalala mabweni ya kampuni, wakaamshwa kwa kengele, wakapiga kazi zaidi ya saa sabini kwa wiki. Halafu usiku wakaandika! Kati ya 1840 na 1845 walitoa jarida lao, Lowell Offering, na Charles Dickens alipopita mwaka 1842 alilisoma na kulisifu. Kusoma kiwandani kulikatazwa, basi Lucy Larcom, aliyeanza kazi akiwa na miaka kumi na moja, akabandika vipande vya magazeti kwenye dirisha la karibu na mashine yake. Niliyempenda zaidi ni Sarah Bagley. Mwaka 1845 alilishutumu jarida hadharani kwamba makala za kulalamikia hali za wafanyakazi halizitaki. Kila ofisi ina Sarah wake, na kwa kawaida hapandishwi cheo.

Nyumba aliyozaliwa mchoraji Whistler mwaka 1834 ipo hapo Lowell, ni jumba la sanaa. Bwana huyu alisimama mahakamani London mwaka 1878 akasema amezaliwa St. Petersburg, Urusi. Sikushangaa. Namjua kijana wa Manzese ambaye kwa wageni ni mtu wa Sinza.

Mengine niliyapita mbiombio kwa ajili ya kisigino. Kwenye bustani ya mwandishi Jack Kerouac, mtoto wa hapo aliyejua Kifaransa kabla ya Kiingereza, maneno yake yamechongwa kwenye nguzo za mawe. Nilisoma mbili, nikakaa. Kiwanda kingine kimekatwakatwa vyumba vya wasanii, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi milango huwa wazi. Picha ndogo kama sahani niliyoipenda ilikuwa dola mia tatu na hamsini. Nikanunua kadi.

Treni ya kurudi ilikuwa kimya kama msiba wa wageni. Simu ikatetemeka, ujumbe wa sauti kutoka kwa mama. Nikabonyeza bila kufikiri.

"MWANANGU! HAPO IPO MASHINE INACHECHEMEA! MWAMBIE FUNDI AIANGALIE KABLA HAIJAKATA UZI! NA WEWE UMEKULA?"

Behewa zima likageuka. Nikapunguza sauti, haikusaidia.