Mvua ya pili inaisha na sijapoteza hata mbuzi mmoja, boma la miti mibichi

Niko Simanjiro, upande wa kuelekea hifadhi ya Tarangire. Wanaojua huku wanajua, mvua zikianza nyumbu na pundamilia wanatoka hifadhini wanakuja kuzalia kwenye mbuga zetu, na simba na fisi wako nyuma yao. Na boma la miba nalo ndo linalowa, linaoza, linalala. Mwaka ule fisi walinimalizia mbuzi tisa usiku mmoja, nilizika mizoga na wanangu wanaangalia.

Nikasema basi, sasa najenga fensi ya maana. Fundi mmoja wa mjini akaniambia nunua mirunda, ipake oili chafu, ichimbie na saruji, funga fensi waya, hapo umemaliza kwa miaka kumi. Nikauza ng'ombe wawili. Fensi ikasimama imenyooka, asubuhi nikawa napita pale naitazama tu kwa raha. Haukuisha hata mwaka. Siku hiyo nimeshika mrunda wa kona nijiegemeze ukanibaki mkononi, nikauvunja kwa goti, ndani ni udongo mtupu, mchwa wamekula mti wote wameacha lile ganda la oili kwa nje! Nikazunguka boma zima nagonga kwa rungu, unaolia po po huo umeisha, nikahesabu nikafika ishirini na kitu nikaacha. Na fisi hakuwa na shida na mirunda, yeye alichimba chini ya waya akapita.

Mzee jirani yangu ndo akaja akaniambia, "Kijana wangu, mti umeshakufa unauchimbia wa nini? Kata osilalei." Huo ni ule mti wenye gome linalobanduka kama karatasi, ukikata tawi ukalichomeka ardhini linachipua. Siku hizi maboma mengi huku yanajengwa hivyo, mimi nilikuwa nayaona napita zangu.

Nikakata fito nene kama mkono mwisho wa kiangazi, kabla haijatoa majani, maana ukikata ina majani inakufa. Usichomeke siku hiyo hiyo, nililaza kivulini siku nne mpaka pale panga lilipopita pakakauka, zile nilizopanda mbichi kwa haraka ndo zilizooza. Na angalia usigeuze, iliyokuwa juu ibaki juu. Shimo la kufika magotini, shindilia vizuri, hatua moja kati ya fito na fito, halafu waya ule ule wa zamani nikaupigilia kwa misumari ya u. Waya ndo unakula hela jamani, rola moja laki na kitu, ila fito ni jasho lako tu.

Sasa dawa ya fisi ni hii. Usiishie kwenye kufukia waya, fisi anafukua. Mimi nilichukua vipande vya waya nikavilaza chini kwa nje, upana wa hatua moja, nikafunga na ule uliosimama kwa baindingi waya, juu nikapanga mawe. Fisi anaanza kuchimba pale pale ukutani, hana akili ya kurudi nyuma hatua moja, kwa hiyo kila akikwaruza anakuta chuma. Mvua ya kwanza tu niliona nyayo zake zimezunguka boma lote, kwenye kona ameng'oa mawe matatu, kisha nyayo zikaelekea korongoni.

Geti ndo msilidharau, chini ya geti weka mawe bapa la sivyo kazi yote bure. Na wanaowashauri watu watege sumu waache kabisa, akila fisi wanakufa tai, wanakufa na mbwa wako wanaolinda boma.

Leo ukipita utaona gome limeanza kumeza misumari, na matawi yamefunga juu hata simba hawaoni ng'ombe ndani. Fito za boma la ndama nitakata mwisho wa kiangazi, kabla hazijatoa majani.