Kupanda Ngomo

Jana tulikuwa tunatoka Uvira kurudi Bukavu. Kamanyola joto, shati limenata mgongoni. Tulipoanza kupanda Ngomo, mteremko mkali wa kwenda Bukavu, masikio yakaziba, na mama aliyekaa kando yangu akatoa kitenge cha pili akajifunika.

Ziwa Tanganyika, kule Uvira, liko mita 770 hivi juu ya bahari; ziwa Kivu, huku Bukavu, karibu 1,460. Sababu iko chini ya ardhi: chini kabisa kuna mwamba wenye joto kuliko ule unaouzunguka. Joto linaufanya mwepesi, unapanda polepole mno na kuinua eneo zima, hadi gamba la dunia linavutika na kupasuka. Baadaye volkano za Virunga zikaziba njia ya maji kwenda kaskazini, Kivu likajaa, likamwagikia kusini kwa mto Ruzizi. Umeme wetu (ukija!) unatoka kwenye mteremko huohuo.