Kiatu kimoja alfajiri

Basi la shule hupita kwetu Tabata saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kwa muda mrefu lilikuwa linatukuta tunatafuta kiatu. Kimoja mkononi, cha pili chini ya kochi. Mwanangu wa darasa la pili analia, mimi nafoka, uji haujanyweka.

Tatizo lilikuwa usiku. Tulikuwa tunaangalia tamthilia pamoja hadi saa nne. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12 kwa siku. Wangu alikuwa anaamshwa akiwa amelala kwa muda wa saa 7 tu. Nilipopiga hesabu hiyo niliona haya.

Sasa saa moja tunakula, anaoga, anapiga mswaki, kisha viatu anavipanga mwenyewe mlangoni, soksi ndani yake. Saa mbili taa inazimwa. Wiki ya kwanza ilikuwa vita: “Mama, maji.” “Mama, mkojo.” Bibi yake akadai namtesa mjukuu wake. Tamthilia naangalia peke yangu, sauti chini kama mwizi. Ijumaa nimeshindwa, nakiri. Ijumaa tunakesha wote, na bibi ndiye anayeshika rimoti.